Jicho la Mzee Lichunguzwe na Mganga wa Zahanati, si na Mpiga Ramli

Katika vijiji vyetu macho ya wazee hutazamwa sana, lakini mara nyingi hutazamwa vibaya. Bibi akiwa na macho mekundu, watu hunong'ona. Akianza kusahau na kusema maneno yasiyoeleweka, minong'ono hugeuka kuwa mashtaka. Watu husema, "Yule ni mchawi." Huko Usukumani, katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza, wako akina mama wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno kama hayo. Kosa lao lilikuwa uzee tu, na macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Siku hizi wataalamu nao wanayatazama macho ya wazee. Wao hawatafuti uchawi. Wanatafuta dalili za kwanza za ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimensia. Wanatumia mashine zinazopiga picha sehemu ya nyuma ya jicho. Huenda umesikia habari hizi redioni. Huenda pia mtu amekuambia kwamba sasa jicho linapigwa picha, na papo hapo inajulikana kama akili ya mtu itapotea.

Maoni yetu ni haya. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imetiwa chumvi. Kazi ya wataalamu hao ni nzuri na inafaa kuendelea. Hata hivyo mashine hiyo bado haijawa kipimo cha ugonjwa wa kusahau. Mzee wako asiisubiri. Macho yake yanahitaji kuchunguzwa sasa, kwa sababu nyingine zilizo karibu zaidi. Hebu tueleze jambo hili hatua kwa hatua.

Jicho ni tawi la ubongo

Tazama jicho la mwenzako. Katikati utaona tundu dogo jeusi. Tundu hilo ni kama dirisha. Mwanga hupita hapo kuingia ndani. Nyuma kabisa, kwenye ukuta wa ndani wa jicho, umetandazwa utando mwembamba uitwao retina. Unene wake ni kama robo ya milimita. Hiyo ni sawa na karatasi 2 au 3 za daftari zilizowekwa pamoja.

Retina hupokea mwanga na kuugeuza kuwa habari. Habari hizo husafiri katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotambua kwamba hiki ni kikombe, na yule ni mjukuu wangu.

Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, retina huchipuka kutoka sehemu ile ile inayokuwa ubongo. Kwa hiyo retina ni tawi la ubongo lililojitokeza nje. Ubongo wenyewe umefungwa ndani ya fuvu, na hatuwezi kuuona bila mashine kubwa za hospitali kubwa. Lakini retina yaweza kuonekana kupitia lile dirisha la jicho, bila kupasua na bila kuchoma sindano.

Wewe mkulima unalielewa jambo hili. Hufukui mizizi ya mkahawa kila siku ili kujua hali yake. Unatazama majani. Wataalamu nao wanauliza: Je, tukitazama tawi hili, tunaweza kujua hali ya mti?

Kazi hii ilianzaje?

Mwaka 1851 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza kifaa cha kumwezesha daktari kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakitazama retina. Wameona humo madhara ya kisukari na ya shinikizo la damu.

Mwaka 1991 wataalamu wa huko Boston, Marekani, walieleza mashine mpya. Mashine hiyo hutumia mwanga peke yake. Mgonjwa huweka kidevu mahali pake na kutazama alama. Hasikii maumivu, na kazi huisha kwa dakika chache. Picha inayotoka huonyesha tabaka za retina moja moja, kama unavyoona tabaka za udongo kwenye ukingo wa korongo. Daktari anaweza kupima unene wa kila tabaka.

Wamegundua nini?

Kwanza tujue kwamba kusahau ni jina la dalili. Magonjwa yanayoleta dalili hiyo ni mengi. Mmoja wa wanaojulikana zaidi kwa kueleza magonjwa hayo ni daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 alieleza habari za mama mmoja aliyeanza kupoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Mama huyo alipofariki, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini. Aliona umesinyaa, na ndani yake mna mabonge ya uchafu usiotakiwa. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina la daktari huyo.

Wataalamu walijiuliza: Ubongo ukisinyaa, je, retina nayo hupungua unene? Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Uingereza. Watu zaidi ya 32,000 walipigwa picha za macho na kupewa maswali ya kupima akili. Waliokuwa na tabaka jembamba la mishipa ya fahamu kwenye retina walijibu vibaya zaidi, kwa wastani. Baada ya miaka 3 baadhi yao walipimwa tena. Wenye tabaka jembamba walionekana kurudi nyuma zaidi kuliko wenzao. Mwaka huo huo, wataalamu wa Rotterdam, Uholanzi, walieleza kwamba watu wenye tabaka jembamba walipatwa na ugonjwa wa kusahau zaidi baadaye.

Wengine wanautafuta ule uchafu wenyewe ndani ya retina. Mwaka 2011 wataalamu wa Los Angeles, Marekani, walieleza namna ya kuuona kwa kutumia dawa itokanayo na rangi ya manjano, ile bizari unayotia kwenye mchuzi. Rangi hiyo hushikana na uchafu, kisha hung'aa chini ya mwanga maalumu. Lakini elewa vizuri, msomaji. Manjano hapo yalitumika kama rangi ya kuonyesha. Hatusemi kwamba kula manjano kunatibu ugonjwa wa kusahau.

Kwa nini tunasema bado?

Sasa fikiri juu ya shamba la mahindi. Shamba lililokosa mbolea huwa na mahindi mafupi kwa jumla. Hilo ni kweli. Lakini ukiletewa bua moja fupi, je, unaweza kuapa kwamba limekosa mbolea? Huwezi. Huenda liliota kivulini. Huenda limeshambuliwa na kiduha au na wadudu. Huenda mbegu yake ni ya aina fupi.

Retina ni hivyo hivyo. Yapo mambo mengi yanayoifanya iwe nyembamba. Uzee wenyewe huipunguza. Kisukari huiharibu. Mtu asiyeona mbali tangu ujana yaweza kuwa nyembamba kwake. Tena upo ugonjwa wa presha ya macho, ambao huua mishipa ya fahamu ya jicho polepole. Ugonjwa huo huwapata sana watu weusi. Mtu wa kijijini kwetu akipigwa picha na tabaka likaonekana jembamba, yaelekea zaidi ni presha ya macho kuliko ugonjwa wa kusahau.

Kwa hiyo ile tofauti iliyoonekana katika watu 32,000 haitoshi kumhukumu mtu mmoja. Haitoshi kumwambia baba wa watu, "Wewe akili yako itapotea." Hayo si maneno madogo. Mtu akiambiwa hivyo anaweza kunyang'anywa shamba na ng'ombe wake na ndugu wenye tamaa. Anaweza kukata tamaa na kuacha kula. Anaweza kutengwa. Kipimo kisicho na hakika ni hatari kuliko kutokuwa na kipimo.

Tena kuna matapeli. Wapo watu wanaozunguka minadani na mashine za taa na vioo, wakidai zinaona kila ugonjwa. Mtu akija kijijini kwako na kusema, "Nipe fedha nikupige picha ya jicho nikuambie kama utakuwa na ugonjwa wa kusahau," mkatae. Kisha watoeni taarifa viongozi wa kijiji na zahanati.

Je, ugonjwa huu uko kwetu?

Wengine husema ugonjwa wa kusahau ni wa Wazungu. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao. Zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Hapa Tanzania, wataalamu waliwachunguza wazee wa vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Walikuwa wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika kila wazee 100, kama 6 walikuwa na ugonjwa huu. Fikiria kijiji chako kina wazee wangapi wa umri huo. Kisha fanya hesabu.

Wazee hao wapo. Wengine wanafungiwa ndani kwa aibu. Wengine wanachekwa na watoto. Na wengine wanaitwa wachawi.

Tazama jinsi jambo hilo linavyotokea. Ugonjwa wa kusahau huchanganya mchana na usiku. Mzee huamka saa 8 za usiku akidhani kumekucha. Hutoka nje, naye hawezi kukumbuka njia ya kurudi. Anakutwa amesimama mlangoni kwa jirani, hajavaa vizuri, anasema maneno yasiyoeleweka. Macho yake ni mekundu, kwa sababu amepika miaka 50 kwa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani anaugua malaria. Basi, mpiga ramli anaitwa, na kazi yake inakuwa nyepesi.

Msomaji, hakuna hata jambo moja hapo linaloonyesha uchawi. Kutoka usiku ni ugonjwa wa ubongo. Wekundu wa macho ni moshi, au vumbi, au ugonjwa wa vikope. Homa ya mtoto imeletwa na mbu. Kila jambo lina sababu yake, na kila sababu ina mahali pa kupelekwa. Mahali hapo ni zahanati.

Picha za macho zifanye kazi gani sasa?

Hatusemi mashine za macho hazina maana kwetu. Zina maana kubwa. Presha ya macho na madhara ya kisukari huonekana kwenye retina kabla mtu hajapofuka. Yakionekana mapema, mtu anaweza kuokolewa. Wala si lazima kuanza na mashine za bei kubwa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Nakuru, Kenya. Watu walipigwa picha za nyuma ya jicho kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa maalumu. Picha hizo zilikaribia kuwa sawa na zile za kamera kubwa ya hospitali. Hata mtu ambaye si daktari wa macho, akifundishwa, aliweza kuzipiga.

Hapo ndipo tunapotaka nguvu zielekezwe. Fedha za macho zitumike kwanza kuwakinga watu na upofu. Wafanyakazi wa afya wafundishwe, na vifaa vishuke mpaka wilayani. Siku wataalamu watakapokuwa na hakika juu ya picha na ugonjwa wa kusahau, vifaa na watu wa kuvitumia watakuwa tayari. Nao uchunguzi huo ufanywe na kwa wazee wetu pia. Picha za wazee wa Uingereza peke yake haziwezi kutosha kuwa kipimo cha mzee wa Hai au wa Kahama.

Jambo kubwa: mzee aone

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo linakuhusu wewe leo. Mwaka 2024 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na ambayo watu wanaweza kuyapunguza. Mojawapo ni kutoona vizuri bila kutibiwa. Mengine ni pamoja na kutosikia, shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, upweke, na kukosa elimu.

Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walieleza habari za wazee zaidi ya 3,000 wenye matatizo ya macho. Waliopasuliwa mtoto wa jicho walipatwa na ugonjwa wa kusahau kwa uchache zaidi kuliko wale ambao hawakupasuliwa. Hatari yao ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29. Jambo hilo halithibitishi kwamba kisu kinazuia ugonjwa wa kusahau. Lakini sababu yake yaweza kufikirika. Asiyeona huacha kutembea. Huacha kufuma mikeka, kuchambua mchele, na kusoma. Huacha kwenda kwa wenzake. Ubongo usiopewa kazi hulala, kama jembe lisilotumika linavyoshika kutu.

Tena wako wazee wanaodhaniwa wamepoteza akili, kumbe hawaoni. Bibi hakukusalimu njiani. Umesema amekusahau, kumbe hakuona uso wako. Alitia chumvi katika chai. Umesema amechanganyikiwa, kumbe hakuona kopo. Ukimpeleka akapasuliwa mtoto wa jicho, unaweza kumrudisha bibi uliyedhani amekwisha kupotea. Upasuaji huo unafanywa hapa nchini, na si wa siku nyingi.

Ufanye nini nyumbani kwako?

1. Mpime mzee wako. Mfunike jicho moja kwa kiganja, umwonyeshe vidole ukiwa umbali wa hatua 3. Rudia kwa jicho la pili. Akishindwa kuhesabu, mpeleke zahanati akaandikiwe kwenda kwa mtaalamu wa macho. Hata akiweza, achunguzwe macho kila baada ya muda, kwa sababu presha ya macho huanza bila dalili. Uliza pia utaratibu wa matibabu ya wazee wasio na uwezo.

2. Usimtie machoni majani, mkojo, maziwa wala dawa ya mtu mwingine. Wengi wamepofuka kwa njia hiyo.

3. Toboa dirisha jikoni. Tumia jiko lenye bomba la kutoa moshi kama unaweza. Nawa uso kwa maji safi kila siku.

4. Zijue dalili za ugonjwa wa kusahau. Kusahau mahali ulipoweka jembe ni jambo la kawaida. Kusahau jembe ni la kazi gani si kawaida. Kupotea katika njia ya kisimani uliyoipita tangu utotoni si kawaida. Kuuliza swali lile lile mara 10 kwa saa moja si kawaida. Kushindwa kuhesabu fedha ulizozoea, au kubadilika tabia ghafla, si kawaida.

5. Ukiziona dalili hizo, mpeleke mzee kwa mganga wa zahanati mapema. Baadhi ya sababu za kusahau hutibika. Homa, upungufu wa damu na vitamini, kaswende, huzuni kubwa, pombe, na hata dawa anazomeza zinaweza kumchanganya mtu. Mzee aliyechanganyikiwa kwa siku 1 au 2 tu ahesabiwe kuwa mgonjwa wa haraka.

6. Kama ni ule ugonjwa wa ubongo usiopona, usimfiche. Mpe kazi ndogo anazoziweza. Msemeshe taratibu, ukimtaja jina lako. Usibishane naye. Weka komeo juu ya mlango usiku, lakini mtu alale karibu naye, asifungiwe peke yake. Waambie majirani zako kwamba mzee wako ni mgonjwa, ili wakimkuta usiku wamrudishe kwako salama. Jambo hili la mwisho linaweza kuokoa maisha yake.

7. Katika mkutano wa kijiji, simama useme. Mtu akimtaja bibi kuwa mchawi kwa sababu ya macho yake, usinyamaze. Wanaonyamaza huwapa nguvu wenye mapanga.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma ulipata macho mapya. Wazee wengi hawakupata nafasi hiyo. Basi watumikie kwa macho yako. Msomee mzee wako ukurasa huu leo jioni, kwa sauti, na uwaite majirani wasikilize. Mashine za picha zitafika siku yake. Zahanati ipo leo, na wewe upo leo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini wataalamu hutazama jicho wakitaka kujua hali ya ubongo?
2. Taja mambo 3 yanayoweza kuifanya retina iwe nyembamba.
3. Katika kijiji chetu, nani anaishi na mzee anayesahau? Tunaweza kumsaidiaje?
4. Jiko la nyumbani kwako lina madirisha mangapi?